Nimonia: Mbona Mtoto Wangu Halazwi?

Leo nazungumza na mama, baba, nyanya na yeyote anayemlea mtoto wa chini ya miaka 5. Mada yetu ni nimonia, na jinsi hospitali zetu zinavyoitibu siku hizi.

Mama mmoja alimleta kwangu binti yake wa miezi 14. Mtoto alikuwa akikohoa, na kila alipovuta pumzi, kifua kiliingia ndani chini ya mbavu. Tulimpima, tukampa dawa ya kunywa, tukamwambia mama aende nyumbani. Alikasirika. Akasema, "Sista, kifungua mimba wangu aliugua hivi hivi, akalazwa, akadungwa sindano siku nyingi. Huyu mnamrudisha kwa sababu sina pesa?"

Hakukosea kuuliza. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mtoto ambaye kifua kinaingia ndani alilazwa wodini na kudungwa penisilini. Baadaye utafiti katika nchi mbalimbali ulionyesha kwamba wengi wa watoto hawa, ikiwa wananyonya au kunywa vizuri na hawana dalili za hatari, hupona kwa dawa ya kunywa. Kwa hivyo mwaka wa 2016 mwongozo wa Kenya wa kutibu watoto ulibadilishwa. Mtoto kama huyo sasa hupewa amoksilini, anywe nyumbani. Haumizwi na sindano, haambukizwi magonjwa ya wodini, na wewe unabaki karibu na watoto wako wengine.

Badiliko la pili ni chanjo. Chanjo ya Hib ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2001, na ile ya nimokokasi, ambayo wengi huiita chanjo ya nimonia, mwaka wa 2011. Huko Kilifi, watafiti waliona kwamba baada ya mwaka wa 2011, watoto waliolazwa kwa nimonia iliyoonekana kwenye picha ya eksirei walipungua kwa karibu nusu. Chanjo ya nimonia hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Angalia kitabu chako cha kliniki. Kama kuna iliyokosekana, mpeleke.

Badiliko la tatu ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mtoto. Hakichomi. Kinatuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kikisoma chini ya 90, mtoto analazwa na kuwekewa oksijeni.

Sasa nimrudie yule mama. Aliporudi siku tuliyompangia, binti yake alikuwa akihema kwa shida zaidi. Niliuliza juu ya dawa. Kumbe alikuwa ameigawa: nusu alimpa mtoto, nusu akamwekea kaka yake aliyekuwa akikohoa. Mtoto alilazwa siku hiyo, akapewa oksijeni na sindano, na namshukuru Mungu alipona. Lakini kosa lilikuwa langu pia. Nilimpa dawa, sikumweleza kwamba sasa kazi ya wodi ameibeba yeye.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Kwanza, mpe dawa asubuhi na jioni kwa siku zote ulizoandikiwa, kwa kawaida siku 5, hata akianza kucheza siku ya pili. Tembe hizi huyeyushwa katika maji safi kidogo au maziwa ya mama. Usimgawie mtoto mwingine. Mlete naye apimwe. Pili, endelea kumnyonyesha na kumlisha kidogo kidogo, mara nyingi. Tatu, mweke mbali na moshi wa jiko na wa sigara. Nne, rudi siku uliyoandikiwa, hata kama unamwona amepata nafuu.

Jifunze pia kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, inua nguo, tazama kifua, na uhesabu kwa dakika 1 nzima kwa saa au simu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, anahema haraka. Wa mwaka 1 hadi 5 ni pumzi 40. Mpeleke kituo cha afya.

Na hizi ni dalili ambazo hazingoji kesho. Rudi hospitali mara moja, hata usiku, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea na kuwa vigumu kumwamsha, akiguna kila anapopumua, au midomo na ulimi vikiwa rangi ya bluu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akihema haraka, kuanzia pumzi 60, au akikataa kunyonya, usijaribu dawa yoyote nyumbani. Mkimbize hospitali.

Mama, ukiambiwa urudi nyumbani na dawa, hujafukuzwa. Lakini usitoke kabla ya kuuliza: nampa kiasi gani, kwa siku ngapi, na nirudi lini? Sista akiwa na haraka, muulize tena. Ni haki yako.