Breki ya Kupampu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lagangabilili)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Mliniomba nizungumzie faida ya elimu katika utumishi wa umma. Kwa ruhusa yenu nitazungumzia breki, kwa sababu ndizo zilizonifundisha somo hilo upya.

Wengi mnaifahamu Land Rover yangu kuukuu, ile 109. Ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu zikiingia maji na tope la masika hazishiki, kwa hiyo nilimpa fundi mmoja wa mjini aifungie breki za diski mbele. Ilirudi na pedali laini kama sponji. Ukikanyaga mara moja inazama. Ukipampu mara tatu inapanda, gari linasimama. Nikazoea. Kila aliyeiazima nilimwambia, "Hii ni ya kupampu."

Siku moja ya msimu wa pamba nilikuwa natoka Bariadi kuja hapa. Mkokoteni wa ng'ombe ukaingia barabarani, watoto wawili wamekaa juu ya mafurushi ya pamba. Nikakanyaga, pedali ikaenda hadi sakafuni. Nafasi ya kupampu haikuwapo. Nikaliingiza gari shambani, likasimama juu ya kichuguu. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala.

Kesho yake nilimwita fundi wa hapa senta, kijana aliyeishia darasa la saba. Yule wa mjini alikwisha kutoa upepo mara nne bila mafanikio. Huyu hakushika spana kwanza. Aliniuliza, "Mzee, upepo ndani ya mafuta hukaa juu au chini?" Nikajibu, juu. "Basi tazama hapa."

Kalipa ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Boliti zilikubali vizuri, lakini skrubu za kutolea upepo zilitazama chini. Kila mara mafuta yalitoka, upepo ukabaki juu. Alizibadilisha, akatoa upepo akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, huku akiongeza mafuta mapya ili chombo kisikauke. Pedali ikawa ngumu.

Wadogo zangu, mafuta hayabanwi yakapungua, upepo hubanwa. Ndiyo maana mguu unazama kabla gurudumu halijashikwa. Pedali ikipanda kwa kupampu, shuku upepo kwanza, na dramu za nyuma zilizolegea. Ikishuka polepole huku umeikanyaga, tafuta panapovuja, au raba za masta silinda zimechoka. Tazama pia mipira ya zamani inayovimba, na kama masta silinda ya dramu inatosha kusukuma mafuta ya kalipa. Na mafuta yenyewe hufyonza unyevu: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishaingia maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yaliyokwisha kutoka usiyarudishe.

Ndugu Mwenyekiti, nina shahada ya Chuo Kikuu. Jibu la swali la kijana yule nilikuwa nalo tangu masomo ya fizikia katika shule hii. Nilichokosa ni kujiuliza. Nilikubali ubovu kwa kuwa niliujua namna ya kuuendesha, na katika ofisi zetu nimeona mafaili mengi yanayoendeshwa hivyo hivyo, kwa kupampu. Yanasogea, mpaka siku mkokoteni unapokatiza.

Gari liko nje, chini ya mti. Anayetaka kuziona skrubu hizo aje baada ya chakula.