Silabi na Tarakimu: Lugha ya Kiswahili katika Darasa la Awali



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili kwa kawaida hushughulikia sarufi, fasihi, istilahi na historia ya lugha. Leo naomba tuteremke hadi kwenye darasa ambalo baadhi ya wazee bado wanaliita shule ya vidudu, mahali ambapo mtoto wa miaka mitano anakutana na herufi na tarakimu kwa mara ya kwanza. Dai langu ni kwamba mengi yanayomkwaza mtoto huyo ni masuala ya isimu ya Kiswahili, na kwamba sisi tulioisomea lugha hii tumemwachia mwalimu wa awali mzigo ambao ungepaswa kuwa wetu pia.

1. Usuli

Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Katikati ya miaka hiyo, tathmini za Uwezo zilizoanza kutolewa 2010 zilionyesha kuwa wengi wa wanafunzi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ukaelekezwa kwenye stadi tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK.

Hapa pana kitendawili. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, ni miongoni mwa tahajia nyepesi. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kwa nini basi mtoto akae miaka mitatu darasani bila kusoma?

2. Kusoma

Sababu moja ni wimbo wa silabi. Darasa zima huimba “ba, be, bi, bo, bu” kwa sauti moja, na mgeni anayepita nje hudhani watoto wanasoma. Mwalimu akifunika chati na kuonyesha “bo” peke yake, wengi huanza tena kuimba kutoka “ba” hadi wafike. Mtoto huyo amekariri mfuatano tu; bado hajauona uhusiano kati ya alama na sauti. Silabi ni kipashio kinachoifaa lugha yetu, lakini lazima ichanganywe, itenganishwe na kuundiwa maneno tangu juma la kwanza.

Sababu ya pili ni mpangilio wa herufi. Alfabeti ni chombo cha kutafutia maneno katika kamusi. Haikutungwa kwa ajili ya kufundishia. Anayeifuata atamfikisha mtoto kwenye “dh” na “gh”, sauti zisizokuwamo katika lugha za nyumbani za watoto wengi, kabla ya “k”, “m” na “t”. Tukianza na herufi tano tu, yaani a, u, k, m na t, mtoto anasoma sentensi kamili: “Mama, kamata kuku.” Ameelewa, amecheka, na amejua kwamba maandishi husema jambo. Ushindi huo wa mapema una thamani kuliko mabango mengi ukutani.

Sababu ya tatu ni majina ya herufi. Wazazi wengi huwapeleka watoto katika shule za awali zinazofundisha kwa Kiingereza, ambako “a” huitwa “ei” na “i” huitwa “ai”. Mtoto huyo akirudi kwenye neno “mama” hana njia ya kulifikia kupitia majina aliyofundishwa. Kujifunza Kiingereza si kosa. Ugumu ni kumpa mtoto mifumo miwili kwa wakati mmoja kabla hajaushika wowote.

3. Kuandika

Katika kuandika, makosa ya mtoto ni ushahidi wa fikra zake. Mtoto anayeandika “mutu” badala ya “mtu” amesikia kwamba “m” hapo ni silabi kamili, na kwa kuwa amefundishwa kuwa silabi huishia kwa irabu, ameiongezea irabu. Huenda pia anaifuata lugha ya nyumbani: Mhaya husema “omuntu” na Msukuma “munhu”. Mwalimu anayelijua hilo hataishia kuweka alama ya kosa. Atampigisha makofi mawili, m-tu, kisha atamwonyesha kuwa “m” inaweza kusimama peke yake. Baadaye wataweza kulinganisha “mbu-ni”, yule ndege, na “m-bu-ni”, mti wa kahawa: maandishi ni yale yale, silabi ni tofauti. Hali kadhalika “ngoma” na “ng’ombe”: kile kialama kidogo kinapaswa kufundishwa kwa masikio kabla ya kufundishwa kwa kalamu.

Kunakili ubaoni hakutoshi. Mtoto anaweza kunakili mstari mzima kwa mwandiko mzuri bila kujua umesema nini.

4. Kuhesabu

Hesabu nayo hupita katika lugha. Mtoto akihesabu vizibo vya soda husema “kimoja, viwili, vitatu”. Akihesabu mawe husema “moja, mawili, matatu”. Wenzake ni “wawili, watatu”. Kisha tunamtaka aseme “moja, mbili, tatu” bila kitu chochote mbele yake. Hiyo ni hatua kubwa ya fikra: kutoka idadi iliyofungamana na vitu hadi namba yenyewe. Upatanisho wa kisarufi ni ngazi ya kupandia hatua hiyo, tusiuondoe mapema. Tuangalie pia kuwa sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazibadiliki: “vitabu vitano” lakini “vitabu sita”.

Kuanzia 11 hadi 19 lugha yetu inamsaidia mtoto waziwazi: “kumi na tatu” ni kumi, na tatu. Ugumu unaanzia kwenye 20. “Ishirini” haionyeshi mbili, wala “thelathini” haionyeshi tatu, wala “hamsini” haionyeshi tano, kwa sababu makumi yametoka kwenye Kiarabu. Mafungu ya vijiti kumi kumi yatumike hapa, ili mtoto aone kwa macho kile ambacho neno limekificha. Na tusisahau saa ya ukutani: mkono mfupi uko kwenye 7, naye anaambiwa ni saa moja. Asipoelezwa kwamba sisi huanza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza, ataamini kuwa tarakimu hazina maana thabiti.

5. Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu zikusanye maneno yanayotumiwa na watoto wenyewe, mjini na kijijini, ili vitabu vya awali vitungwe kwa msamiati wanaoujua. Pili, mpangilio wa kufundisha herufi ujengwe juu ya uchunguzi wa kiisimu. Tatu, mwalimu wa awali afundishwe fonolojia ya Kiswahili kwa kina kile kile anachofundishwa mwalimu wa sekondari, kwani anaihitaji zaidi.

Tumeitetea lugha hii kwenye mabunge, mahakama na mikutano ya kimataifa. Lakini msomaji wa kesho wa riwaya na mashairi tunayoyachambua yuko sasa kwenye mkeka, ameshika kipande cha chaki. Asipofundishwa kusoma leo, tutakuwa tunawaandikia watu wasioweza kutusoma.