Kitenzi ‘Vunja’: Kutoka Chungu hadi Mkataba



Mada yetu ya leo ni kitenzi kimoja tu, ‘vunja’. Huenda baadhi yenu mkajiuliza iwapo neno ambalo mtoto hulijua kabla hajaanza shule linastahili mhadhara mzima. Ninakusudia kuonyesha kwamba linastahili, na kwamba kutolichunguza kunaweza kumgharimu mtu haki yake mahakamani.

Tuanze na maana ya msingi. Kiswahili hakitumii ‘vunja’ kwa kila kitu kinachoachana. Chungu, mfupa na fimbo huvunjika. Kamba haivunjiki bali hukatika, nguo huchanika. Vijiti vikavu huvunjwa kwa mkono, lakini magogo ya kuni huchanjwa. Kwa hiyo ‘vunja’ aghalabu hudai yambwa iliyo ngumu, yenye umbo lake, ambayo ikivunjwa hupoteza umbo hilo pamoja na kazi yake. Kamba iliyokatika hufungwa fundo ikatumika tena. Chungu kilichovunjika hakirudi kuwa chungu.

Tukiingia katika matumizi ya kitamathali, hali hubadilika. Ninapendekeza tuyapange kwa swali moja: baada ya kuvunjwa, yambwa imebaki nini?

Katika kundi la kwanza, yambwa hukoma. Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inahusu, pamoja na mambo mengine, uwezo wa Rais wa kulivunja Bunge. Bunge likivunjwa limefikia mwisho wake, wala neno lenyewe halibebi lawama. Ndivyo ilivyo pia kwa kamati au baraza.

Katika kundi la pili, yambwa hubaki nzima, na lawama humwangukia mvunjaji. Humu mna sheria, amri, mwiko na ahadi. Mwizi akivunja sheria, sheria haipati ufa. Ndiyo kwanza inamkamata.

Katika kundi la tatu, kuvunja hufungua jambo jipya. Aliyevunja kimya ameanza kusema. Binti aliyevunja ungo amebaleghe. Vunja jungu, yaani karamu ya siku za mwisho za Shaabani, hutangulia mfungo wa Ramadhani.

Hapana budi tutahadhari na tafsiri za haraka. Mtu aliyevunjika moyo kwa Kiswahili si lazima awe ameachwa na mpenzi; ni mtu aliyekata tamaa. Moyo hapa ni makao ya nia na ushupavu. Huyu ndiye anayeambiwa na methali kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mnyambuliko nao una uzito wake. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama haitoi talaka mpaka iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kauli ya kutendeka, ‘imevunjika’, hueleza hali bila kumtaja mtenda. Kauli ya kutendwa, ‘imevunjwa’, hudokeza kwamba mtenda yupo, na mtenda huyo ni mahakama. Ya kwanza ni jambo linalothibitishwa kwa ushahidi. Ya pili ni tendo la hakimu. Anayezichanganya anaweza kudhani kwamba ndoa iliyovunjika nyumbani imekwisha pia kisheria.

Sasa tufikirie Busawe, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Hili ni eneo la Wangoreme, ambako wengi huanza na Kingoreme na kujifunza Kiswahili baadaye. Tuchukue mfano wa kubuni: mkulima wa huko amekubaliana na mnunuzi kumuuzia mahindi, kisha mapatano yakaishia njiani. Karani anaandika: “Mdaiwa alivunja mkataba.” Tukiweka sentensi hii katika kundi la kwanza, mdaiwa aliumaliza mkataba, pengine kwa njia halali ambayo wote wawili waliikubali. Tukiiweka katika kundi la pili, mdaiwa hakutimiza wajibu wake, na kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyepata hasara kwa sababu hiyo anastahili fidia. Sentensi ni moja, lakini mtu mmoja anatoka mahakamani akiwa hana deni, na mwingine anatoka akidaiwa.

Suala hili limezidi uzito tangu mwaka 2021, pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani. Sasa maneno yetu yanabeba mzigo mkubwa zaidi.

Wapo wanaopendekeza tuseme ‘kukiuka’ kwa maana moja na ‘kusitisha’ kwa nyingine. Ninakubaliana nao katika maandishi ya wanasheria. Hata hivyo, mkulima anayesimama mbele ya hakimu ana haki ya kusikia maneno anayoyajua. Tunaweza kumhifadhia ‘vunja’ kwa kuitaja yambwa barabara: “alivunja sharti la mkataba” kwa aliyekosa, na “aliumaliza mkataba” kwa aliyeufikisha mwisho. Sharti, kama sheria, hubaki nzima likimtazama aliyelivunja.

Kwa watunzi wa kamusi, ombi langu ni dogo. Isitoshe kuandika kwamba ‘vunja’ ina maana ya msingi na nyingine za kitamathali. Kila maana iandikwe pamoja na yambwa zake, na msomaji aelezwe ni kipi kinachokoma, ni kipi kinachobaki, na nani anayelaumiwa. Kwa wanafunzi, hapo pana utafiti unaosubiri: vitenzi ‘kata’, ‘funga’ na ‘pasua’ bado havijaulizwa swali hilo.