Bangi ni Aibu, Lakini Miaka 30 ni ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana wa chama)



Tumetumwa kusema juu ya bangi, na tutasema waziwazi, kwa kuwa katika matawi tunayopita jambo hili linagawa watu. Wazee wanasema kijana akikutwa na msokoto afungwe hata aozee jela. Vijana wanajibu kwamba hilo ni jani tu, na anayelivuta hamdhuru mtu. Sisi hatuko upande wa wazee wala wa vijana hao, na twaomba mtusikilize kwanza kabla ya kupiga kelele.

Tusidanganyane. Bangi inadhuru, hasa kichwa cha kijana ambaye bado anakua. Anayeanza akiwa na miaka 14 au 15 na kuivuta kila siku hupungukiwa na kumbukumbu na ari ya kazi. Na wengine, hasa wale ambao ukoo wao una ugonjwa wa akili, huishia kuugua. Mama anayemwona mwanawe analala mchana kutwa hahitaji daktari wa kumweleza. Chama kinachotaka vijana wa kujenga nchi hakiwezi kulisifu jambo hilo. (Pombe nayo ubaya wake mnaujua, lakini mwenye baa hupewa leseni na kuamkiwa kwa heshima.)

Lakini kosa ni kitu kimoja na adhabu ni kitu kingine. Hapa Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya 2015, kama ilivyorekebishwa 2017, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayesafirisha bangi, na mzigo ukizidi kiasi kilichowekwa, kifungo cha maisha. Mvutaji ana kifungu chake mwenyewe chenye adhabu ndogo zaidi. Ila neno "kusafirisha" katika sheria hiyo limetanuliwa mpaka likameza kuuza, kuhifadhi, hata kuwa nayo tu. Basi kati ya kijana anayetoka kortini na faini na mwenzake anayeingia gerezani mpaka mvi zimwote, tofauti yaweza kuwa ni mizani, na jinsi hati ya mashtaka ilivyoandikwa. Mtoto wa mkubwa huja kortini na wakili. Mtoto wa kabwela huja na mama yake.

Wengine watasema kwamba ukali huu ni wa mila zetu. Si kweli. Mwaka 1870 sheria ya koloni la Natal iliwakataza bangi vibarua wa Kihindi walioletwa kulima miwa. Mwenye shamba hakuwa na habari na roho zao. Alitaka mikono ya kufanya kazi. Huko India kwenyewe, Mwingereza yuleyule aliunda tume mwaka 1893, ikahoji mashahidi zaidi ya elfu moja, ikasema kuvuta kwa kiasi hakuna madhara makubwa, na kwamba afadhali kutoza kodi kuliko kupiga marufuku. Mwaka 1923 serikali ya Wazungu wa Afrika Kusini ndiyo iliyoandikia Shirikisho la Mataifa kutaka bangi ihesabiwe pamoja na kasumba, na mwaka 1925 huko Geneva ikaingizwa katika mkataba wa dunia. Haki isemwe: aliyeipigia mbiu zaidi Geneva alikuwa mjumbe wa Misri, Mwafrika mwenzetu. Lakini mkulima wa Kasai au wa Usambara hakuulizwa na mtu.

Na huko Kasai wangekuwa na la kusema. Hermann von Wissmann, yuleyule aliyekuja kupigana na Abushiri pwani yetu mwaka 1889, alipita nchi hiyo miaka ya 1880, akawakuta watu wa Kalamba Mukenge waliojiita wana wa bangi. Waliivuta pamoja kwa ishara ya udugu, na mkosaji aliadhibiwa kwa kulazimishwa kuivuta mpaka azimie. Hatusemi tuwaige! Twasema kwamba walijiamulia wenyewe.

Tazameni sasa Afrika Kusini. Gareth Prince alisoma sheria, naye ni Rasta. Alipotaka kuingia uwakili, chama cha mawakili cha Rasi kilimkatalia kwa sababu aliwahi kutiwa hatiani kwa kuwa na bangi, na hakuficha kwamba ataendelea kuivuta. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilimshinda, majaji 5 kwa 4. Hakukaa kimya. Alirudi mahakamani, na tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ileile, kwa sauti moja, katika hukumu iliyosomwa na Raymond Zondo, ilisema mtu mzima akivuta faraghani si mhalifu. Kuuza kulibaki kuwa kosa. Bunge lilitunga sheria, na Rais Ramaphosa akaitia sahihi Mei 2024.

Hatuombi hapa kwetu yaigwe yote hayo. Nchi yao ni yao, na wazee wetu hawako tayari, nasi hatutawalazimisha. Tunaloomba ni dogo. Sheria itenge waziwazi mvutaji na mfanyabiashara, ili kuwa na msokoto mfukoni kusiitwe usafirishaji. Kijana anayekutwa mara ya kwanza apelekwe hospitali na mbele ya wazee wa mtaa, si gerezani kulala pamoja na majambazi, maana huko atafunzwa mengine. Walimu walioko humu wanajua: mtoto aliyefukuzwa shule kwa kosa dogo hurudi mtaani na kosa kubwa. Bali yule anayewauzia watoto wa shule, huyo hatumwombei lolote.

Na askari anayemkamata kijana jioni, akamwachia usiku kwa elfu ishirini, huyo naye atajwe katika azimio letu. Adhabu ikiwa kubwa mno, bei ya kuikwepa nayo hupanda, na anayeilipa ni mzazi.

Azimio limeandikwa, liko mezani kwa Katibu. Tunapendekeza lijadiliwe leo, kisha lipelekwe kwa mbunge wetu. Mzee mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu tulipotaja Kasai; Ndugu Mwenyekiti, tunaomba apewe nafasi ya kwanza.