Hotuba ya Mwenyekiti: Saa Yetu na Saa ya Kompyuta



Awali ya yote tumshukuru Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi. Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa mweka hazina, mimi sitamwingilia. Nimepangiwa kueleza jinsi tunavyotunza hesabu zetu kwenye kompyuta, hasa ule utaratibu wa kompyuta kufanya kazi yenyewe kila wiki bila kuamrishwa upya. Elimu yangu ni darasa la saba, hivyo wataalamu mlioko hapa mnivumilie.

Mnakumbuka 2020 tulinunua kompyuta ya kukunja, iliyokwisha tumika, tukaiweka nyumbani kwa mama katibu, maana madaftari yalikuwa yanaliwa na mchwa. Tukakubaliana kila Jumamosi, katibu akishaingiza hesabu za kikao, anakili faili lote kwenye flashi, ili kompyuta ikifa hesabu zisife nayo. Lakini mama katibu naye ni binadamu. Jumamosi hii ana msiba, ile ana mgeni, nyingine mtoto ana homa. Nilipokagua nikakuta wiki tano hazijanakiliwa. Sikumlaumu, maana mimi dawa zangu za presha ziko mezani na bado nazisahau.

Ndipo kijana wa mweka hazina, aliyekuja likizo, akatuonyesha kwamba ndani ya Windows mna programu iitwayo Task Scheduler. Kumbe tulikuwa nayo siku zote! Akasema jambo lenyewe si geni, mashine za Unix zilikuwa na programu ya namna hiyo, cron, tangu miaka ya 1970. Unaiambia mambo mawili: lini, na nini. Lini ni kila wiki, siku ya Jumamosi, saa fulani. Nini ni kunakili faili la hesabu na kulipeleka kwenye flashi. Ukishahifadhi, itafanya hivyo kila wiki mpaka uifute. Ni kama kumwagiza mtoto mara moja tu kuteka maji ya kila asubuhi, tena mtoto asiyenuna. (Kicheko.)

Kijana akanipisha kiti niandike saa mwenyewe, ili nijifunze. Yeye akatoka kupokea simu. Kikao huisha saa 10, katibu huandika mpaka saa 10 na nusu. Nikaandika 11. Tukapiga makofi.

Sasa sikilizeni, jamani. Saa 11 yetu ni jioni. Kompyuta yenyewe huanza kuhesabu saa 6 ya usiku, kwa hiyo 11 niliyoandika ilikuwa saa 5 asubuhi. Saa hizo kompyuta imewashwa, katibu anaandaa orodha ya mahudhurio, kikao hakijaanza. Ikawa kila Jumamosi inanakili, kwa uaminifu kabisa, hesabu za Jumamosi iliyopita. Sisi tukifungua flashi tunaona tarehe mpya, tunafurahi.

Machi 2022 kompyuta ikagoma kuwaka. Tukasema hakuna wasiwasi, tukafungua flashi kwenye kompyuta ya kuazima. Kikao kizima cha mwisho hakimo! Hisa tulizipata kwa mihuri ya vitabu vyenu. Lakini marejesho ya mikopo hayagongwi muhuri, na wawili walisema wamemaliza madeni yao siku ile. Mmoja alileta risiti ya shilingi 150,000. Wa pili, wa shilingi 180,000, hakuiona risiti yake. Nami nikasimama mbele ya kikao nikasema asiye na risiti hajalipa. Mwenzetu akajifunga khanga akaondoka. Vikao vitatu hakuja.

Aliyetuokoa ni mweka hazina, kwa kalamu na karatasi. Akasema: Jumamosi ile sanduku lilianza tupu. Hisa kwa mihuri ni 310,000. Mwenye risiti alileta 150,000. Jumla 460,000. Lakini siku hiyo hiyo tulitoa mikopo ya 640,000, na waliokopa wote wanakiri kupokea. Hizo 180,000 zilizozidi zilitoka wapi? Tukanyamaza. Siku ya pili mjukuu wa katibu, mwanafunzi wa sekondari, akaangalia faili kwenye flashi akasema, "Bibi, hii imeandikwa saa 5 asubuhi."

Nilikwenda kwa mwenzetu na mume wangu na mama mlezi wa kikundi, nikaomba radhi. Leo yumo humu ukumbini, na ameniridhia niyaandike haya kwenye kitabu chetu. Naomba radhi tena mbele yenu. (Makofi.)

Sasa tumeandika 17:30, yaani saa 11 na nusu jioni. Vilevile tuligundua kwamba programu ile, usipoibadilisha, haianzi kazi kompyuta ikiwa kwenye betri, na umeme wetu mnaujua. Tumeondoa alama hiyo. Tukatia vema pale panaposema kazi iliyopitwa na saa yake ifanywe mara iwezekanapo, kwa siku ambazo kompyuta ilikuwa imezimwa. Kila nakala hubeba tarehe yake, haifuti ya nyuma. Flashi ni mbili, zinapokezana, moja hulala kwenye sanduku la kufuli tatu pamoja na fedha.

Kuna safu ya kuonyesha kazi ilifanyika lini na iliishaje. Ikiandika 0x0 imemaliza salama. Lakini mimi hiyo hainitoshi, kwa sababu hata ile ya saa 5 asubuhi ilikuwa inamaliza salama. Kwa hiyo kila mwezi mwanachama mmoja kwa zamu, asiwe katibu wala mimi, anafungua flashi na kutafuta hisa zake za kikao cha mwisho kama zimo. Mwezi huu ni zamu ya akina mama wa kitongoji cha juu, chagueni mtu.

Leo ni Jumamosi, na flashi bado iko sandukuni. Naomba mama katibu apewe chakula mapema aondoke, akaichomeke kabla ya saa 11 na nusu. Ya jioni, tafadhali.