Majani Mororo ya Kivulini: Maneno ya Monita kwa Watu wa Kasongo na Kabambare

Leo sikuja kusema habari ya mpunga wala ya mihogo. Nataka kusema habari ya udongo wa mlangoni pako, chini ya mwembe, pale unapoketi jioni. Udongo huo unakwenda zake kidogo kidogo, nawe huoni.

Tazama mizizi ya mwembe wako. Je, imo ndani ya udongo, au imetokea juu kama mishipa ya mkono wa mzee? Tazama tena msingi wa nyumba. Kama matofali ya chini yamebaki wazi, ujue udongo umeshuka. Nani ameuchukua? Wezi ni wawili, ufagio na mvua. Asubuhi ufagio hukwangua udongo na kuulegeza. Mvua ikija, kila tone hupiga kama nyundo ndogo, na maji huuchukua udongo ule mpaka kijitoni. Huku Kabambare hufika Luama, na Luama huupeleka Lualaba. Udongo ulioingia Lualaba haurudi tena.

Nilipokuwa mtoto nilikaa kwa mjomba wangu. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia chini ya mwembe. Nilifagia sana, watu wakanisifu. Usiku mmoja mvua ilikuja pamoja na upepo, mwembe ukaanguka juu ya jiko. Watu walipona, lakini mbuzi wawili walikufa. Asubuhi tulikwenda kutazama mizizi, tukaona ilikuwa imeshika udongo mchache tu. Mjomba hakunigombeza. Lakini mimi nilijua ufagio ulikuwa mkononi mwa nani.

Sasa, sikilizeni dawa. Nyuma ya nyumba, mahali pa baridi pasipofika jua, mmeona majani madogo kabisa, ya kijani, mororo kama manyoya ya kifaranga. Huota juu ya mawe, juu ya matofali ya zamani, na kando ya vijito vya msituni. Wengi huyaita uchafu, wakayakwangua. Mimi nayaita majani mororo, wewe yaite kwa lugha ya nyumbani kwako.

Majani haya si kama majani mengine. Hayana mizizi ya kweli, yana nyuzi za kujishikia tu. Kwa hiyo hayashindani na mwembe wala kahawa kwa chakula cha chini. Hunywa maji kwa mwili wake wote. Hayana maua wala mbegu; huzaa vumbi jembamba katika vikopo vidogo, na upepo hulitawanya. Wakati wa kiangazi hukauka, yakawa rangi ya kahawia. Usidhani yamekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, yatakuwa ya kijani tena. Na tone la mvua likianguka juu yake, haliwezi kupiga udongo.

Kama huamini, jaribu. Siku ya mvua weka bakuli mbili kwenye mteremko, moja chini ya mahali patupu, moja chini ya mahali penye majani mororo. Linganisha maji. Moja litakuwa jekundu, la pili safi zaidi.

Hivi ndivyo utakavyofanya:

1. Ngoja mvua zianze. Usipande katika kiangazi.

2. Chagua mahali pa kivuli. Ondoa magugu na majani makavu. Usilime, maana majani haya hupenda udongo ulioshikana. Usitie mbolea wala majivu.

3. Toa vipande kwa kisu, pamoja na udongo kidogo, mahali penye kivuli kama kile unachotaka kupanda. Chukua kiganja kimoja, acha viganja vitatu, ili pale napo pasibaki tupu.

4. Kwangua udongo kidogo tu, nyunyiza maji, weka vipande, kanyaga polepole vishikane na udongo. Acha nafasi katikati. Vitakutana vyenyewe, lakini si upesi. Mvua ikikosa, nyunyiza maji.

5. Weka mawe bapa mahali pa kupita watu. Majani mororo hayavumilii miguu mingi.

Mimi mwenyewe nilikosea mara ya kwanza. Nilipanda mbele ya nyumba, kwenye jua, ili watu wote waone. Baada ya muda mfupi yote yalikauka, na watoto walinicheka. Nikapanda tena upande wa kivuli, yakashika.

Mke wa mjomba alipoona, alisema, “Mwanangu, nisipofagia, wageni watasema nyumba hii haina mwanamke. Tena nyoka watakuja.” Maneno yake si ya kudharau. Nilimjibu, “Mama, nyoka hujificha katika majani marefu, haya hayafiki urefu wa ukucha. Na ufagio usiutupe. Fagia juu yake polepole kwa ufagio mwepesi, uondoe majani ya mwembe, lakini usikwangue.” Akakubali kujaribu upande mmoja. Upande wa pili anafagia kama zamani. Sikumlazimisha.

Watu wa mbali nao wanayaheshimu majani haya. Katika mji wa Kyoto, nchi ya Japani, kuna hekalu la Wabudha liitwalo Saihō-ji. Bustani yake imefunikwa na majani mororo, aina zaidi ya 100. Mwaka 1994 hekalu hilo, pamoja na mengine ya Kyoto, liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kitu tunachokwangua sisi, wengine husafiri kwenda kukitazama.

Lakini nisiwadanganye. Majani mororo si chakula, wala si ya shambani. Mahali pa jua panda matembele au karanga. Chini ya migomba na kahawa tandika majani makavu. Na kama maji ya barabara yanapita mlangoni pako kwa nguvu, chimba mfereji kwanza, uyageuze. Bila hivyo yatachukua udongo na majani pamoja.

Wazee walitusimulia habari ya pamba ya lazima ya zamani za Wabelgiji, iliyoanza mwaka 1917, jinsi watu walivyomkimbia monita. Katika jambo hili hapana amri wala faini. Naomba jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla ya kushika ufagio, inama utazame mizizi ya mwembe wako.

Kwaherini.