Mwandazi wa Karamu Aliyedai Haki ya Watoto
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Mara nyingi katika mikutano yetu huulizwa swali hili: Je, mtu ambaye riziki yake hutoka kwa wakubwa aweza kuwadai wakubwa hao haki, naye asipoteze heshima wala kazi yake? Badala ya kujibu kwa maneno yetu wenyewe, twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake George Thomas Downing.

Mtu huyu alizaliwa New York mwaka 1819. Baba yake, Thomas Downing, alikuwa mtu mweusi huru kutoka Virginia, naye aliuza chaza katika nyumba yake ya chakula huko Broad Street. Matajiri wa benki na wafanya biashara walikuja kula kwake kila siku. Lakini mzee huyu hakuridhika na kujaza mfuko tu. Mwaka 1836 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha watu weusi wa mji ule cha kupinga utumwa. Basi mtoto alijifunza mambo mawili kwa baba: kuandaa meza vizuri, na kutoinamisha kichwa.

Mwaka 1846 George alifungua kazi yake ya kuandaa karamu katika Newport, mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island, ambako matajiri hupitisha miezi ya joto. Kazi ilistawi hata akajenga hoteli kubwa iliyoitwa Sea Girt House. Mwezi wa Desemba 1860 hoteli hiyo ikateketea kwa moto, na ilidhaniwa ya kuwa mtu aliutia kwa makusudi. Downing hakuuhama mji. Alijenga tena mahali pale pale, na jengo jipya likaitwa kwa jina lake.

Sasa, Mabwana, sikilizeni neno lililotufanya tumchague. Bwana huyu alilipa kodi sawasawa na jirani zake, lakini watoto wake na watoto wote weusi wa Newport walitengwa katika skuli zao peke yao. Tangu mwaka 1857 alisimama na wenzake kuipinga desturi hiyo. Waliandika maombi, wakapiga chapa maneno yao, wakaenda mbele ya Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Walikataliwa; wakarudi. Wakakataliwa tena, wakarudi tena. Yeye mwenyewe alitoa fedha nyingi kwa ajili ya shauri hilo, ingawa alijua ya kuwa wale wanaonunua karamu zake waweza kuchukizwa na kwenda kwingine. Mwaka 1866 sheria ya Rhode Island ikaondoa utengano katika skuli. Miaka tisa, ndugu zetu! Wazee wetu wamesema, bandu bandu huisha gogo.

Tangu mwaka 1865 hata 1877 alikuwa msimamizi wa chumba cha chakula cha Baraza la Wawakilishi huko Washington. Hapo alikuwa akiwahudumia watunga sheria wenyewe. Wengine wangaliona ya kuwa mahali kama pale ni pa kunyamaza. Yeye hakuona hivyo. Tarehe 7 Februari 1866 alikwenda pamoja na Frederick Douglass na wenzao mbele ya Rais Andrew Johnson kuomba haki ya kupiga kura kwa watu weusi, na Downing ndiye aliyetangulia kusema. Rais aliwakatalia. Lakini mwaka 1870 haki hiyo ilitiwa katika Katiba ya nchi, ingawa baadaye ilivunjwa kwa hila katika majimbo ya kusini, ikabidi kupiganiwa upya na vizazi vilivyofuata.

Downing alifariki Newport mwaka 1903. Alikuwa ametoa pia fedha yake ili mji upate kiwanja cha Touro Park, mahali pa kupumzikia watu wote. Twaona hapo ya kuwa hakudai tu. Alitoa vile vile.

Ndugu zetu, jambo gani lilimpa nguvu? Kwanza, kazi yake ilikuwa safi, wala hakuna aliyeweza kumkosoa kwayo. Pili, hakwenda peke yake. Alikwenda na wenzake, na kwa maandishi. Tatu, alipoteza mali asipoteze shauri. Hatusemi ya kuwa njia hii haina hatari, maana hoteli iliyoungua ni ushahidi. Twasema tu ya kuwa adabu ya kazi na kudai haki si maadui. Mkono ule ule uliopanga sahani ndio ulioandika maombi.

Basi atakaporudi mmoja wetu nyumbani leo, akamwona mtoto wake akisoma kwa taa, na ajiulize: nimemwandalia nini zaidi ya chakula?